Dizeli au petroli: jinsi ya kupima nguvu ya kuvuta kabla hujanunua pikapu ya mzigo

Msimu wa viazi ukifika Njombe, simu ninazopokea huwa za aina moja. Mtu amenunua pikapu ya dizeli kwa sababu aliambiwa dizeli ndiyo inayovuta. Amefunga trela, amefika mlimani, na Hilux ya petroli imempita yeye akiwa gia ya pili. Mwingine amechukua petroli kwa sababu aliona nguvu ya farasi ni nyingi, sasa injini inalia kilimani na tangi linakauka kabla hajafika sokoni.

Wote wawili wamekosea mahali pamoja. Wamelinganisha majina ya mafuta. Walichotakiwa kulinganisha ni torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha shafti, tena kwenye mizunguko ile wanayoitumia wakiwa na mzigo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Zinakula siku moja.

Mifano yangu ni injini tatu zinazokutana sana kwenye Hilux za kazi: 5L, dizeli ya lita 3.0 isiyo na tabo (feni inayosukumia hewa ndani ya injini). 1KD-FTV, dizeli ya lita 3.0 yenye tabo. Na 2TR-FE, petroli ya lita 2.7. Kama unaangalia gari la aina nyingine, hatua ni zilezile, badilisha namba tu.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kadi ya gari, na picha ya kibati cha mtengenezaji (hukaa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti).
- Jina kamili la injini. Usikubali kuambiwa "ni ya dizeli, lita tatu". Hapo juu tu kuna injini mbili zenye sifa hiyo, na hazifanani hata kidogo kwa kuvuta.
- Mzigo wenyewe utakaoubeba, pamoja na trela lako kama utavuta trela.
- Mzani wa magari ulio karibu.
- Kilima cha lami unachokijua, chenye urefu wa kilometa 1 au zaidi bila foleni.
- Simu yenye kikokotoo na saa, tochi, kitambaa cheupe.
- Fundi wako. Fundi aliyeletwa na muuzaji mshukuru, kisha mwite wa kwako.

## Hatua ya 1: Pima mzigo kwa kilo, usihesabu magunia

Gunia la viazi linaitwa gunia hata likiwa lumbesa lenye kichwa cha kilo 20 au 30 juu ya kilo 100. Ukihesabu magunia 10 ukadhani una tani moja, huenda una tani na robo, na robo hiyo ndiyo itakayokuumiza mlimani.

Peleka gari mzanini likiwa tupu, lipeleke tena likiwa na mzigo, na uandike uzito wote: gari, watu, mafuta, trela na viazi. Kisha angalia kadi na kibati. Ukipita uzito wa juu ulioandikwa pale, acha kulinganisha injini, maana ekseli, springi na breki hazitabadilika kwa kuwa umepata injini yenye nguvu.

Onyo: trela lisilo na breki zake lenyewe lina kikomo chake. Kwa pikapu nyingi za kundi la Hilux kikomo hicho ni kilo 750, trela na mzigo wake pamoja. Zaidi ya hapo trela liwe na breki.

Umefaulu ukiwa na namba moja. Kwenye mfano wetu tuseme ni kilo 3,000: pikapu, dereva na utingo kilo 2,000, trela lenye breki pamoja na viazi kilo 1,000.

## Hatua ya 2: Tafuta torki na mizunguko inakopatikana

Kwenye kijitabu cha gari utakuta namba mbili za nguvu. Ya kwanza ni kilowati au nguvu ya farasi, ambayo wauzaji wanapenda kuitaja. Ya pili ni torki, kwa nyutoni-mita (Nm), ikifuatiwa na mizunguko kwa dakika. Wewe anza na ya pili.

- 1KD-FTV ya Hilux: kilowati 120. Torki Nm 343, kuanzia mizunguko 1,400 hadi 3,200.
- 2TR-FE: kilowati 118. Torki Nm 241, kwenye mizunguko 3,800.
- 5L: torki karibu Nm 200, kwenye mizunguko kama 2,400.

Tazama mistari miwili ya kwanza. Kilowati 120 na 118 ni kitu kimoja, ukiishia hapo utasema injini hizi zinalingana. Lakini dizeli yenye tabo inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha ikiwa bado inanguruma taratibu, na inaishikilia kwa upana mkubwa. Petroli lazima uipandishe hadi 3,800 ndipo ifike kilele chake, na kilele chenyewe ni cha chini kwa Nm 102.

Sababu zipo ndani ya chuma. Pistoni ya 1KD inasafiri milimeta 103 kwenda na milimeta 103 kurudi, ya 2TR milimeta 95. Shafti ya 1KD kwa hiyo ina mkono mrefu zaidi wa kusukumwa, kama spana ndefu inavyofungua nati ngumu. Dizeli inabana hewa mara 17.9 kabla ya kuwasha, petroli hii mara 9.6. Juu ya hayo tabo inasukumia hewa zaidi kwenye silinda, na hewa zaidi inaruhusu mafuta zaidi kuungua kwa kila mzunguko.

Sasa tazama mstari wa tatu. 5L ni dizeli, tena inabana hewa mara 22.2, lakini haina tabo, na torki yake iko *chini* ya petroli ya lita 2.7. Huyu ndiye anayepitwa mlimani. 5L naiheshimu sana kwa uvumilivu wake na kwa urahisi wa kutengenezwa na fundi yeyote wa kijijini, ila anayeinunua kwa ajili ya kuvuta trela milimani ananunua sifa ya injini nyingine.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya mlima wako

Hesabu hii inatisha kwa macho tu. Ina sehemu tatu.

Kwanza, mlima unakuvuta nyuma kwa kiasi gani? Kila asilimia 1 ya mwinuko inavuta nyuma kilo 1 kwa kila kilo 100 za uzito. Mlima wa asilimia 8, yaani unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, na uzito wa kilo 3,000: ni kama umeninginiza jiwe la kilo 240 nyuma ya gari. Matairi kuviringika lamini kunaongeza kilo 45 hivi. Jumla kilo 285. Kilo 1 ni kama nyutoni 9.8, kwa hiyo ni sawa na nyutoni 2,800.

Pili, spidi unayotaka inadai nguvu gani? Zidisha nyutoni hizo kwa spidi ya mita kwa sekunde. Kilometa 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde, kwa hiyo ni kilowati 46.7 kwenye matairi. Gia, shafti na difu (gia za kwenye ekseli) vinakula kama asilimia 15 njiani, hivyo injini itoe karibu kilowati 55. Ukikubali kilometa 40 kwa saa, inahitaji kama 37. Upepo sijauhesabu, kwa spidi hizi ni mdogo.

Tatu, injini inatoa nini pale ulipo? Kilowati = Nm × mizunguko ÷ 9,549. Kwenye mizunguko 2,000:

- 1KD: 343 × 2,000 ÷ 9,549 = kilowati 72. Inapanda na akiba inabaki.
- 2TR: hata tukiipa kilele chake chote cha 241, ni kilowati 50. Haifiki 55.
- 5L: tukiipa 200 kamili, ni kilowati 42.

Maana yake barabarani ni hii. Wa 1KD anabaki kwenye gia aliyonayo. Wa 2TR anapunguza gia, injini inakwenda 3,000 au zaidi, inalia, lakini *inapanda* kwa spidi ileile. Wa 5L naye anapunguza gia, ila akiba yake ni ndogo, na ikiisha spidi inashuka hadi gari lipate mwendo linaoumudu.

Petroli inaweza kupanda. Inapanda kwa mizunguko mingi, na mizunguko mingi ni mafuta mengi na joto jingi. Kama unavuta trela mara mbili kwa mwezi hilo halikusumbui. Kama ni kila siku, litakusumbua kila siku.

## Hatua ya 4: Punguza kwa ajili ya mwinuko wa mji wako

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, hata na mafundi. Namba za kijitabu ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na silinda inajaa pungufu.

Njombe iko karibu mita 2,000. Hapa 2TR ya Nm 241 inabaki na kama 193, na 5L ya Nm 200 inabaki na kama 160. Yenye tabo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwani tabo inaibana hiyo hewa nyepesi kabla ya kuiingiza. Ndiyo maana pikapu isiyo na tabo iliyojaribiwa Kigamboni, pwani, ikaonekana hodari wa kuvuta inaweza kukata tamaa ikifika Makete, milimani.

Umefaulu ukiwa umerudia Hatua ya 3 kwa namba zilizopunguzwa. Kama uko Tanga mjini au Mombasa, pita.

## Hatua ya 5: Soma gia na difu

Torki ya injini inazidishwa na gia, kisha difu, ndipo ifike kwenye tairi. Petroli mara nyingi hupewa difu fupi zaidi, yaani yenye namba kubwa, kufidia. Mfano: gia ya kwanza ya zote mbili iwe 4, difu ya dizeli iwe 3.9 na ya petroli 4.6. Dizeli: 343 × 4 × 3.9 = Nm 5,351. Petroli: 241 × 4 × 4.6 = Nm 4,434. Pengo lililokuwa asilimia 42 kwenye injini limekuwa asilimia 21 kwenye tairi.

Kwa hiyo uliza namba ya difu, na uulize kama imewahi kubadilishwa.

Kama gari lina L4, yaani gia nzito ya kuendesha magurudumu yote manne, kumbuka inazidisha torki tena, kwa Hilux nyingi mara 2.5 hivi. Kutoa trela shambani kwenye tope, petroli yenye L4 inatosha kabisa. L4 usiitumie kwenye lami kavu, utakaza mfumo wa kusukuma mpaka uvunje.

Na tazama matairi. Mwenye gari akiweka matairi makubwa kwa asilimia 10 ili lionekane limenyanyuka, amepunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu asilimia 9, chini ya injini ileile.

## Hatua ya 6: Panda kilima na mzigo

Hapa ndipo gari linaposema ukweli. Muuzaji asiyekubali gari lijaribiwe na mzigo, mwage kwa heri.

Magari yote unayolinganisha yapande kilima kimoja, siku moja, mzigo mmoja, upepo wa matairi sawa na ulioandikwa kwenye mlango, kiyoyozi kimezimwa.

6.1 Pasha injini moto kwa dakika 15 za mwendo wa kawaida. Injini baridi inadanganya, hasa dizeli.

6.2 Jaribu klachi kwanza. Kwenye tambarare, gia ya 4, kilometa 40 kwa saa, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mizunguko ikipanda ghafla na spidi isifuate, klachi inateleza. Simamisha jaribio, maana kila utakachokiona mlimani kitakuwa kosa la klachi.

6.3 Ingia mlimani kwa kilometa 60. Tumia gia ya juu kabisa inayoweza kubaki juu ya mizunguko 1,800. Kanyaga hadi mwisho, na utingo apime muda wa kilometa 1. Sekunde 60 ni kilometa 60 kwa saa, sekunde 90 ni 40. Andika muda, gia na mizunguko. Pikapu nyingi za zamani hazina geji ya mizunguko, hapo tumia muda na spidi.

Onyo: usiing'ang'anize injini chini ya 1,500 ukiwa umekanyaga mafuta yote. Inatetemeka, inapata joto, na kwenye petroli utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo la maziwa. Mlio huo ni mafuta kuwaka kabla ya wakati wake, na pistoni haziuvumilii muda mrefu. Punguza gia mara moja. Ukiendelea kusikika hata mizunguko ikipanda, fundi aangalie taimingi, na wewe uulize mafuta yamenunuliwa wapi.

6.4 Simama katikati ya mlima. Handibreki juu, hesabu hadi kumi, ondoka. Gari zuri linaondoka bila kurudi nyuma na bila harufu ya klachi kuungua. Dizeli yenye tabo ina tabia yake hapa: chini ya 1,400 tabo bado haijajaa, kwa hiyo gari linasitasita kisha linasukuma ghafla. Dereva aliyezoea petroli huachia klachi mapema na injini ikazima. Mpe nafasi mbili tatu kabla hujailaumu injini.

6.5 Tazama geji ya joto na moshi. Mshale ubaki katikati hadi kileleni. Ukipanda juu ya robo tatu, simama pembeni, acha injini ingurume taratibu, na *usifungue* mfuniko wa rejeta. Moshi mweusi mzito kwenye dizeli ukiwa unakanyaga ni mafuta mengi kuliko hewa: kichungio cha hewa kimeziba, nozeli zimechoka, au bomba la tabo linavuja. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokwisha injini ikiwa moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

6.6 Ukifika juu na dizeli ya tabo, usizime. Iache ingurume dakika 1 au 2. Oili ndiyo inayopoza beringi ya tabo, ukizima ghafla oili inasimama na kuungulia mlemle.

Umefaulu ukiwa na muda wa kila gari na gia liliyotumia, joto halikupanda, klachi haikunuka. Tofauti ya sekunde 5 ni dereva. Tofauti ya sekunde 20 ni gari.

## Hatua ya 7: Shuka mlima uleule

Watu wanajaribu kupanda na kusahau kwamba viazi vinashuka kwenda sokoni. Anayeshuka mlima Kitonga na tani yake anahitaji injini imsaidie breki, na hapa petroli ina faida ambayo haitangazwi. Ukiachia mafuta, petroli inaziba njia ya hewa, pistoni zinavuta utupu, na utupu huo unalishika gari. Dizeli ya pikapu haizibi hewa yake hivyo, kwa hiyo inalishika gari kwa nguvu pungufu.

Shuka kwa gia ileile uliyopandia, au ya chini yake. Usiweke nyutro hata kwa mita 100. Kanyaga breki kwa vipindi, kaza kisha achia. Chini, simama na unuse kila tairi. Harufu kali ya breki kwenye tairi moja ni breki inayoshika peke yake. Kama unachagua dizeli kwa njia ya milima, tenga fedha ya breki mpya ndani ya bei ya kununua.

## Hatua ya 8: Geuza yote kuwa shilingi

Jaza tangi hadi mwisho, safiri njia yako ya kawaida na mzigo, kilometa 200 hivi, jaza tena pampu ileile. Lita ulizoongeza, zidisha kwa bei, gawa kwa kilometa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo rudia hesabu bei zikibadilika. Kenya, mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, hutangaza tarehe 14.

Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia kama 10 hadi 13, na injini yake inaitumia vizuri zaidi, hivyo utaona tofauti. Lakini weka na upande wa pili. Dizeli za komoni reli (bomba moja lenye shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote, kama kwenye 1KD) zina nozeli na pampu za gharama kubwa, nazo zinachukia maji na uchafu. Dumu moja la dizeli ya kando ya barabara linaweza kukuharibia nozeli zote nne. Petroli inadai plagi na koili, vitu vya dukani.

Kisha jiulize tofauti ya bei itarudi lini. Mfano: dizeli imezidi kwa Sh milioni 6, na inakuokolea Sh 120 kwa kilometa. 6,000,000 ÷ 120 = kilometa 50,000. Anayekwenda kilometa 3,000 kwa mwezi anarudisha kwa mwaka mmoja na miezi mitano. Anayekwenda 500 kwa mwezi atasubiri zaidi ya miaka minane, na kwa huyo mimi husema wazi: chukua petroli, uitunze.

Kwa trela la kila siku Nyanda za Juu Kusini, nachagua dizeli yenye tabo kila mara. Kwa mjini, safari fupi na mzigo wa nusu tani, petroli. 5L naichagua pale ambapo fundi wa komoni reli yuko mbali na mzigo si wa kukimbiza.

## Hatua ya 9: Kabla hujakata bei

Gari likitoka mlimani, likiwa bado moto, acha lingurume na ufungue mfuniko wa oili juu ya injini. Uweke umegeuzwa juu ya tundu bila kuukaza. Ukitetemeka kidogo na kubaki pale, silinda ziko sawa. Ukirukaruka au kusukumwa pembeni na moshi ukatoka kwa msukumo, ringi zimeisha, na torki yote ya kijitabu uliyoipigia hesabu inapotelea hapo.

Kisha zima, subiri dakika 10, chomoa kijiti cha oili na ukifute kwa kile kitambaa cheupe. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida. Chenga za chuma zinazometa, au rangi ya chai ya maziwa, si kawaida. Hapo mrudishie mwenyewe funguo na uende kwenye gari la pili.